Asali Iliyochacha Siku ya Posa

Siku ile mjinga alikuwa Gaspar, na wala hahitaji mtu wa kumsaidia kuubeba ujinga huo. Amekwisha kukiri mwenyewe, kwa waliomwuliza na kwa wengine waliokuwa wanapita njia tu. Alikuwa na shahada ya biashara, suruali mbili za mkunjo, na barua ya benki iliyompa mamlaka ya kuiokoa Kampuni ya Miyombo Asali na Nta isife. Havikumsaidia. Shule haimzuii mtu kuwa mjinga. Humpa tu maneno mazuri ya kuuelezea ujinga wake baadaye.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka tisini na sita, na Gaspar alikuwa anapiga pasi ya mkaa shati lake la posa. Saa nne alitakiwa Majengo, kwa shangazi wa mchumba wake, Theopista. Mzee Yohani, baba wa Theopista, alikuwa amefika huko tangu jana kutoka Mpimbwe, juu ya lori la mpunga. Mzee yule hakuja kuangalia mji. Alikuja kumtazama mwanamume anayemtaka binti yake, aseme ndiyo au aseme hapana, kisha apande lori lake arudi kwenye mizinga yake.

Dieudonne akaingia bila hodi. Dieudonne, mtu wa Katumba, alikuwa msimamizi wa tangi la asali pale kampuni, na kwa siku hiyo ndiye aliyekuwa mshenga.

"Bosi," alisema, "tangi linaongea."

"Linasema nini?"

"Njoo ulisikilize mwenyewe. Lugha yake mimi siijui, ila naona kama linatukana."

Wakaenda mbio mpaka nyuma ya stesheni ya reli, kwenye jengo la kampuni. Hata kabla mlango haujafunguliwa, Gaspar alihisi harufu imemkamata koo. Ilikuwa harufu ya pombe ya juzi, ya chungu kisichooshwa, na ndani yake kulikuwa na utamu, na utamu ndio uliokuwa mbaya zaidi. Dieudonne akapanda ngazi, akafunua mfuniko. Povu la rangi ya kahawia lilikuwa limejaa hadi shingoni mwa tangi, likipasuka polepole, pwa, pwa, kama uji jikoni. Juu ya povu yalielea majana, watoto wa nyuki wasioota mabawa, meupe, manene, yamevimba kama punje za wali uliolala majini.

"Onja," alisema Dieudonne, akamnyooshea kijiti.

"Nionje nini hapo?"

"Bosi huonja. Au kuonja nako kulifutwa kwa ngazi zote?"

Gaspar akaonja. Uchachu ulimpiga nyuma ya meno, ukafuatiwa na ladha ya moshi mzito, na mwisho kitu laini kikamgusa ulimi. Hakuuliza ni nini. Alitoka nje, akainama ukutani, akatema, akatema tena, mpaka machozi yakamtoka.

"Hiyo ni mali ya msimu mzima," Dieudonne alisema nyuma yake, na safari hii hakuwa na mzaha. "Na mnunuzi anakuja Jumatatu na treni."

Mnunuzi huyo ndiye aliyekuwa tumaini la mwisho la Miyombo. Lakini acha niseme kweli tangu sasa, kwa sababu wengine wataanza kumwonea Gaspar huruma kwa jambo lisilo lake: pale ukutani, mdomo ukimnuka, hakumwaza mnunuzi. Alimwaza Theopista. Kinyaa kile hakikuwa cha asali peke yake.

Kwa maana Theopista ndiye aliyekuwa mwonjaji wa Miyombo. Miaka sita alisimama kando ya mizani, kitambaa cheupe kichwani, na vijiti vyake vya mianzi kwenye kikombe. Mfugaji akishusha debe, Theopista alichovya kijiti, akaweka ulimini, akafumba macho. Kisha alisema: hii pokea, hii imevunwa mbichi, irudi, hii ina moshi, iende kwenye debe la daraja la pili. Wazee wenye mvi walibishana na kila mtu pale kampuni, na mkurugenzi pia, lakini wakimwona binti yule amefumba macho walinyamaza kama wako kanisani.

Gaspar alimpenda hapohapo mizani, wiki ya kwanza tu ya kuletwa na benki. Alikuwa ameshika daftari lake, anakagua. Theopista aliweka kijiti ulimini, akafumba macho, na alipoyafumbua yakamkuta yeye amesahau kuandika.

"Imetoka Sibwesa," alimwambia. "Mwenyewe alivuna akiwa na haraka. Alikuwa na jambo nyumbani."

"Hilo la nyumbani nalo limo kwenye asali?"

"Limo. Moshi mwingi hivi ni wa mtu anayetaka nyuki watoke upesi." Akamtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika kikazi. "Nawe ungekuwa mfugaji ungechoma mzinga mzima. Nimekuona unavyotembea."

Alicheka, naye akacheka, na miezi mitatu baadaye walikuwa wamekwisha kuahidiana. Ndipo benki ikataka orodha ya watu wa kupunguzwa. Nusu ya wafanyakazi. Gaspar alikaa na kalamu yake nyekundu, akashuka idara kwa idara, na alipofika kwenye mapokezi akaona neno "mwonjaji". Akaona jinsi wakubwa watakavyocheka: mtu analipwa mshahara kulamba asali. Akaona pia jinsi watu wa Mpanda watakavyosema: kambakiza mchumba wake kazini, kawafukuza wenzake. Akaandika pembeni, kwa mwandiko mzuri: *Haina tija. Ifutwe. Kipimo cha kisasa kimeagizwa.* Akafuta na mchujo wa pili wa asali, ili kuokoa kuni na vitambaa vya kuchujia.

Kipimo cha kisasa kilikuwa bado njiani. Theopista alipokea barua yake kutoka kwa karani, kama wengine, akasaini. Wafanyakazi wakampa Gaspar jina la Bwana Mkasi. Alipomfuata Theopista jioni ile, alimwambia tu, "Nimeipata," na akamwomba waongee mambo ya posa. Gaspar akajisemea: huyo ndiye mwanamke, anaelewa kazi. Mjinga niliyemtaja mwanzoni ndiye huyo.

"Tufanye hivi," alisema sasa, akijifuta mdomo. "Stoo kuna madebe ambayo hayajachanganywa?"

"Yapo. Ya watu watano."

"Chukua chupa, toa sampuli kila debe. Na moja ya tangi. Tutazibeba Majengo. Baada ya posa nitamwomba Theopista azionje, atuambie zipi zinaokoleka."

Dieudonne alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe akijaribu kupanda mti.

"Unakwenda kuposa," alisema polepole, "halafu umpe mchumba kazi uliyomfukuza. Siku hiyohiyo."

"Baada ya posa, nimesema."

"Haya. Mimi mshenga tu."

Chupa zikawa sita, zote za aina moja, zimebandikwa karatasi zenye namba. Gaspar akazipanga ndani ya kikapu, akazifunika kitambaa. Jembe jipya na kanga za shangazi akavibeba Dieudonne. Katika haraka hiyo, Gaspar akasahau jambo moja ambalo Theopista alikuwa amemweleza zaidi ya mara mbili: kwamba katika ukoo wao, ukoo wa watu wa mizinga, mwanamume anayeposa hutanguliza asali, na baba huionja kabla ya neno lolote. Na kwamba mpaka baba ameonja, mposaji hafungui kinywa. Kwa kweli alikuwa amekusudia kuitoa asali hiyo kwenye tangi la Miyombo. Tangi lilipoharibika, na mila ikamtoka kichwani.

Nyumba ya Shangazi Pelagia ilikuwa na ua mpana, mpunga umeanikwa kwenye mikeka, kuku wanafukuzwa kila baada ya salamu. Shangazi mwenyewe, muuza mchele mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, aliwapokea mlangoni. Aliitikia shikamoo ya Gaspar bila kumwangalia, akaangalia kikapu.

"Lete hapa, baba. Mgeni habebi mzigo ndani." Akakichukua, akafunua kitambaa, uso ukamlainika. "Kaka, wamekuja na asali. Tena chupa sita. Nilidhani msomi hatakumbuka."

Gaspar akakinyooshea kikapu mkono. Akafungua mdomo.

"Kaa, kaa," alisema Pelagia. "Sasa hivi wewe ni bubu. Kaa kwenye kigoda hicho."

Mzee Yohani alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, mwembamba, mikono ina makovu ya moto na ya miiba ya nyuki. Alimtazama Gaspar kutoka kwenye viatu kwenda juu, akafika usoni akatulia hapo. Hakuwa na chuki. Alikuwa anapima.

"Mzee," Dieudonne alianza kwa haraka, "hizo chupa, kabla hujaendelea..."

"Mshenga," alisema Pelagia, "zamu yako itafika. Kwani kwenu mnaanza hivi?"

"Kwetu tunaanza na bia, mama, lakini..."

"Basi ngoja."

Mzee Yohani akapitisha vidole juu ya chupa, moja, mbili, tatu. Kwenye ya nne kifuniko kilikuwa kimetuna. Akakipindua kidogo, kikaruka chenyewe, *pu*, povu likamwagika kwenye kiganja chake. Gaspar alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti juu. Alijua kabisa kilichomo. Alijua pia kwamba akisema neno amevunja mila ya watu mbele ya baba mkwe. Kati ya kuvunja mila na kumwacha mzee wa watu ale uchafu, akachagua heshima. Mimi namjua mtu mmoja tu aliyewahi kuchagua heshima ya namna hiyo.

Mzee akachovya kidole. Akaweka ulimini. Akafumba macho, vilevile kama binti yake.

Kisha akainuka, akatoka mpaka ukingoni mwa ua, akatema. Akarudi akaomba maji, akasukutua, akatema tena. Kuku aliyekimbilia pale alipotema alichungulia, akageuka, akaenda zake.

"Nimekula asali miaka hamsini," alisema Mzee Yohani alipokaa. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimekula ya moshi. Mwaka wa njaa nimekula na majana, nikashukuru. Lakini kitu hiki sijapata kukiweka kinywani. Kijana, sasa unaweza kusema. Hii ndiyo uliyoniletea nikupe mtoto?"

"Hapana, Mzee. Hiyo si ya posa. Hiyo ni ya kazi."

"Ya kazi gani?"

"Ni sampuli. Ya tangi la kampuni. Nilitaka baadaye, tukishamaliza, Theopista aionje."

Mzee akakunja uso, akifikiri. "Tangi la kampuni. Lakini asali haifiki kwenye tangi bila kupita mizani. Na mizani yuko binti yangu. Uchafu huu haukupita kwenye ulimi wake, mimi ndiye niliyemfundisha. Au anaumwa?"

Dieudonne aliangalia mpunga. Pelagia, ambaye alikuwa anaijua habari yote, akakunja mikono kifuani, na Gaspar akaona kwamba mama yule alikuwa ameibana siri kwa wiki tatu kama mtu anayebana kikohozi.

"Haumwi, kaka," alisema mwishowe. "Theopista hayuko mizani. Amepunguzwa. Alinizuia nisikwambie mpaka posa ipite, eti ukijua utakataa."

"Amepunguzwa na nani?"

Pelagia na Dieudonne waliangalia viatu vya Gaspar. Vilikuwa vimeng'arishwa vizuri.

"Ni mimi, Mzee," alisema.

Mzee Yohani hakupandisha sauti. Aliuangalia tu mkono wake uliokuwa na povu, akaupangusa taratibu kwenye kitambaa, kidole kwa kidole, na kwa Gaspar ule mpanguso ulikuwa mrefu kuliko hotuba. Pelagia ndiye aliyesema.

"Na ukaja hapa na jembe jipya. Nyie wanaume wa shule, mnanitia kichefuchefu. Unamvua mtoto wa watu nguo sokoni, halafu unakuja kwao kumpimia gauni."

"Mama, ilikuwa taratibu. Kampuni inakufa. Ukiokoa kampuni lazima ukate."

"Kata. Nani amekuzuia? Ungekata huko mbele, kwenye viti vya kuzunguka vya wakubwa."

"Hivyo tulikata viwili, mama," alisema Dieudonne kwa upole, na Pelagia akamkata jicho.

Hapo ndipo Theopista alipotoka jikoni. Alikuwa amevaa gauni la bluu, la siku ya posa, na kitambaa kimefungwa kichwani kama alivyokuwa akifunga mizani. Macho yake yalimpata Gaspar, na kwa nukta moja yalikuwa yale yale ya siku ya kwanza. Gaspar akainuka nusu. Kisha macho yale yakashuka kwenye kikapu, kwenye karatasi zenye namba, na kitu fulani kikafungwa ndani yake, kama dirisha linavyofungwa mvua ikija.

"Umeniletea kazi," alisema.

"Theo, nilikuwa nataka baadaye..."

"Nimesikia. Nilikuwa jikoni, si Tabora." Akamgeukia Dieudonne. "Tangi zima?"

"Zima, dada. Mnunuzi Jumatatu. Akikuta hivyo, na sisi tuliobaki tunafungasha."

Theopista akavuta kigoda akakaa chini karibu na baba yake, akauliza kama kuna kijiti. Pelagia alitaka kupinga, mzee akamzuia kwa mkono. Akachovya chupa ya kwanza, akafumba macho. Gaspar alimtazama zile kope zilizotulia, ule mdomo uliokuwa unafikiri, na akatamani wiki tatu zile zirudi nyuma, hata kama ni kwa kutembea juu ya magoti mpaka Karema kwao.

"Hii ni safi. Ya miombo, imeiva." Maji, kusukutua. "Ya pili safi. Ya tatu ina moshi lakini haichachi, ichujeni mara mbili." Alipofika ya nne aliinusa tu. Uso ukamkunjamana, akaisogeza mbali kwa nyuma ya mkono, kama mtu anavyoondoa panya aliyekufa. "Hii mwageni. Tangi lioshwe na maji ya moto siku nzima, mfuniko ubaki wazi. Ni mtu mmoja aliyevuna kabla ya wakati, akaongeza maji debe lijae. Ningemrudisha na debe lake. Ya tano safi. Ya sita msichanganye na kitu, muuzeni mnunuzi peke yake. Hiyo hajapata kuionja huko alikotoka."

"Dada," alisema Dieudonne, "Mungu akupe."

"Nawafanyia nyie. Haya, nenda kaanze kuchemsha maji."

Dieudonne akaaga kwa heshima zote, akakiacha kiti cha mshenga kitupu, akaondoka na kikapu. Mzee Yohani naye akasimama.

"Mimi sina la kujibu," alimwambia Gaspar. "Nilichopewa kuonja nimeonja. Lililobaki ni lenu wawili. Pelagia, twende ndani."

"Mimi nataka kusikia."

"Ndiyo maana nimekwambia twende ndani."

Wakabaki wawili, na mpunga kati yao. Theopista alikuwa bado ameshika kijiti. Gaspar akasogea, akajaribu kumshika mkono. Theopista hakuuondoa, lakini aliuacha mkononi mwake kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine.

"Nitairudisha kazi yako," alisema Gaspar. "Jumatatu hiyohiyo. Tena nakufanya mkuu wa mapokezi, na mshahara unapanda. Naandika barua leo."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimeona umuhimu wa nafasi ile."

"Nafasi." Alilitamka kama alivyoinusa chupa ya nne. "Gaspar, ulisimama mbele yangu pale mizani miezi mitatu. Ulikuwa unanitazama nikifumba macho mpaka wazee wakawa wanacheka. Ulikuwa unaona nini?"

"Nilikuwa nakuona wewe."

"Uongo. Ungeniona mimi ungeiona kazi. Ulikuwa unaangalia mdomo."

Lilimwingia hilo, kwa sababu lilikuwa na ukweli kiasi. Kisha akafanya kosa la watu wote wenye hoja nzuri: akaitoa.

"Sikiliza, Theo. Nilikuwa na ugumu ambao huujui. Ningekuacha wewe, watu wangesema Bwana Mkasi kambakiza mchumba. Kila niliyempunguza angenitemea mate. Ilibidi nionekane sina upendeleo."

"Kwa hiyo uliponichinja mimi ukawa msafi."

"Sikukuchinja. Usitumie maneno hayo."

"Nitumie yako? 'Haina tija.' Karani alinionyesha karatasi yenyewe, Gaspar. Mwandiko ule ndio ulioniandikia barua za mapenzi. Hata mkia wa ile 'a' ulikuwa uleule. Nilirudi nyumbani nikazitoa barua zako zote, nikajaribu kuzisoma, nikashindwa. Nilikuwa naona wino mwekundu. Nikahisi kutapika, si kwa mfano, kutapika kweli, shangazi akanipikia uji akidhani ni mimba."

Gaspar akakaa kwenye ukingo wa kibaraza. Kinyaa cha asubuhi kilikuwa kimerudi, na safari hii hakikuwa na ukuta wa kuinamia.

"Mbona hukuniambia? Jioni ile ulisema 'nimeipata', basi. Ukaanza mambo ya posa. Mimi nilidhani umeelewa."

"Nilikuwa nakungoja uniulize naumia wapi. Ungeuliza ningekusamehe palepale, mjinga mimi. Nikangoja kesho yake. Nikangoja Jumapili baada ya misa. Wewe ulikuwa unanieleza habari za kipimo kutoka Dar."

"Nisamehe sasa."

"Sasa umekuja na kikapu."

Kuku akapanda mpunga, Theopista akamfukuza bila kuangalia. Alikuwa hajalia. Gaspar angependa alie. Mtu anayelia humpa mwenzake kazi ya kufanya. Akajaribu mara ya mwisho, na hapa ndipo alipotoa kile alichokuwa amekihifadhi kama hoja isiyoshindikana, ile aliyojitulizia nayo usiku wote wa wiki zile tatu. Alikiamini. Macho yake yalikuwa yana maji alipokisema.

"Dieudonne ana watoto watano, Theo. Yule mama anayefua vitambaa vya kuchujia ni mjane. Kila jina nililoligusa lilikuwa na watu nyuma yake. Nilipofika kwenye lako nikaona mtu mmoja tu pale kampuni ambaye hata akikosa kazi haanguki, kwa sababu mimi nipo. Nilikukata wewe kwa kuwa wewe ulikuwa na mimi. Huoni kwamba hata pale, kwenye ile karatasi, nilikuwa nimekwisha kukuoa?"

Theopista akamtazama kwa kumpima, bila hasira. Kisha akakivunja kijiti katikati, akavitupa vipande kwenye majivu, akajipangusa midomo kwa upindo wa kitambaa.

"Basi barua yako ilinitoa kwenye viwili siku moja, kazi na ndoa," alisema. "Na nilichokililia ni kazi."